Kura Tatu, Viti Maalum na Mwenye Kutoa Kiti

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipokutana kwa mara ya kwanza mnamo Desemba 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, wajumbe wake wasio watumishi wa serikali walikuwa saba: Wazungu watano na Wahindi wawili. Mwafrika hakuwemo, na mwanamke hakufikiriwa. Serikali ya kikoloni iliona kwamba maofisa wake wenyewe wanatosha kuwasemea Waafrika. Ilipita miaka 19 kabla ya Mtemi Kidaha Makwaia wa Usukumani na Mangi Abdiel Shangali wa Machame kuteuliwa mwaka 1945, na hata hao hawakupigiwa kura na mtu. Gavana aliwateua, na gavana angeweza kuwaacha. Mazungumzo yetu kuhusu nani aonekane katika uongozi wa taifa huishia mara nyingi kwenye kuhesabu sura: Waafrika wangapi, Wahindi wangapi, wanawake wangapi. Hesabu hiyo ina maana yake. Lakini historia ya Tanganyika, na ya Tanzania baada yake, inaonyesha kwamba lipo swali zito zaidi: aliyekalia kiti kapewa na nani, na nani mwenye uwezo wa kumwondoa. Kwa swali hilo nchi hii ilifaulu mapema upande wa rangi, ikachelewa sana upande wa wanawake, na sababu ya kufaulu kule ndiyo inayoeleza kuchelewa huku.

Mwaka 1955 Gavana Edward Twining alilipanua Baraza na kuvigawa viti 30 vya upande usio wa serikali katika mafungu matatu yaliyo sawa: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Mpango huo ulipewa jina la usawa wa rangi. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8, Waasia wasiofika laki moja, na Wazungu kiasi cha 20,000. Yaani Mzungu mmoja barazani alisimama kwa niaba ya Wazungu 2,000 hivi, na Mwafrika mmoja kwa niaba ya watu zaidi ya 800,000. Kwa mwenye kuhesabu sura tu, Baraza lile lilikuwa la kupigiwa mfano. Na bado lilikuwa chombo cha kuzuia wengi wasitawale. Mwaka 1956 kiliundwa chama cha United Tanganyika Party, kwa kifupi UTP, kikiwa na baraka za Twining, ili kuutetea mpango huo na kuipunguza nguvu TANU, iliyokuwa imezaliwa tarehe 7 Julai 1954. UTP ilifungua milango kwa watu wa rangi zote. TANU, iliyohubiri kwamba binadamu wote ni sawa, ilikuwa haiandikishi mwanachama asiye Mwafrika, na iliendelea hivyo hadi 1963. Ukivitazama vyama hivi viwili kwa macho ya leo utadhani cha kwanza ndicho kilichokuwa cha maendeleo. Historia ilitoa hukumu nyingine, na njia iliyopita hadi kufikia hukumu hiyo ni ya ajabu kidogo.

Uchaguzi wa kwanza ulipangwa ufanyike kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kwa masharti ambayo kila mzalendo aliyaona ni matusi. Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Kisha akiingia kwenye chumba cha kupigia kura alitakiwa achague watu watatu, mmoja Mwafrika, mmoja Mwasia na mmoja Mzungu. Akiiacha hata nafasi moja wazi, karatasi yake yote ilihesabiwa kuwa imeharibika. Huo ndio utaratibu ambao watu waliuita kura tatu. Tofauti yake na Kenya ya wakati ule inafaa kuangaliwa kwa makini. Kenya ilikuwa na madaftari yaliyotenganishwa: Wazungu walichagua Wazungu, Waasia walichagua Waasia, na Waafrika, walioruhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza Machi 1957, walichagua Waafrika wao wanane. Mwanasiasa wa kizungu wa Nairobi hakuwa na haja ya kumwomba Mwafrika chochote. Kinyume chake, kadiri alivyowatisha Wazungu wenzake kuhusu Waafrika ndivyo alivyojihakikishia kura. Tanganyika ilikuwa na daftari moja. Serikali ilitumaini kwamba Mwafrika atakayehitaji kura za Wazungu na Waasia atapoza makali. Haikupima vizuri upande wa pili: Waafrika wenye sifa za kupiga kura, hata kwa masharti yale magumu, walitosha katika majimbo mengi kuamua pia Mzungu yupi na Mwasia yupi aingie.

Wa kuliona hilo mapema walikuwa wachache. Mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 ulikaribia kuipasua TANU. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameshaamua kususia uchaguzi, na hoja zao zilikuwa na uzito: chama kinachodai utawala wa wengi kitakuwa kimeukubali kwa mkono wake mwenyewe mgawo wa theluthi kwa kila rangi, na kitawaita Waafrika wampigie kura mlowezi. Nyerere, rais wa TANU, alijibu kwamba kususia ni kuwapa UTP Baraza zima bila jasho, na kwamba Baraza hilo ndilo litakaloshauriana na serikali juu ya katiba itakayofuata. Hoja yake ikashinda, na uamuzi huo unakumbukwa mpaka leo kwa jina la Uamuzi wa Busara. Hoja hiyo haikushinda bure. Zuberi Mtemvu alijitoa, akaunda chama cha African National Congress kilichotaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Mwaka huo huo Sheikh Suleiman Takadir, aliyekuwa kiongozi wa Baraza la Wazee wa TANU, alifukuzwa chamani baada ya kulalamika kwamba masharti ya elimu yatawapa viti Wakristo waliosomea misheni na kuwaacha nyuma Waislamu walioujenga mwili wa chama. Alikosea au hakukosea katika namna ya kulisema, lakini alichokiona kilikuwepo: sharti la elimu lilichuja watu kwa njia ambazo hazikuandikwa kwenye sheria. Liliwachuja pia wanawake, nao hawakuwa na sheikh wa kuwasemea.

Matokeo yaliwashangaza hata walioyatarajia. Wagombea wa TANU na wale waliopewa baraka na TANU waliifagia nchi, na UTP haikuweza kuinuka tena. Kati ya wale Waasia na Wazungu waliobebwa na kura za Waafrika alikuwemo Derek Bryceson, mkulima wa kaskazini aliyewahi kuwa rubani wa kivita, na Amir Jamal, mfanyabiashara aliyekuwa rafiki wa Nyerere. Walikuwemo pia wanawake watatu. Sophia Mustafa, mzaliwa wa India aliyekulia Kenya na kuhamia Arusha, alishinda kiti cha Waasia cha Jimbo la Kaskazini. Lady Marion Chesham, Mmarekani kwa kuzaliwa na mjane wa mlowezi wa Kiingereza, alishinda Nyanda za Juu Kusini. Barbro Johansson, mwalimu wa Kiswidi aliyekuwa akifundisha wasichana Kashasha huko Bukoba, aliingia kwa kiti cha Ziwa Magharibi. Watu hawa walilazimika kusimama mbele ya mikutano ya Waafrika, kwa Kiswahili chao kizuri au kibovu, na kueleza kwa nini wanastahili kura. Walipoingia barazani walijua vizuri nani kawatuma. Hapo ndipo mpango wa Twining ulipopinduka: viti vilivyotengwa kwa ajili ya kuwalinda Wazungu na Waasia dhidi ya wengi vikageuka kuwa viti vinavyotolewa na wengi. Sura za barazani zilibaki zilezile, kumi kwa kumi kwa kumi. Kilichobadilika ni mkono uliozipeleka pale.

Lakini tazama tena wale wanawake watatu. Wa kwanza kabisa kuingia katika chombo cha kutunga sheria kwa kura za Watanganyika walikuwa Mhindi, Mmarekani na Mswidi. Mwanamke wa Kiafrika hakuwemo, ingawa TANU ya miaka ile haisimuliki bila yeye. Mwaka 1955 mwanasiasa wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipoitembelea Tanganyika na kuuliza wanawake wa TANU wako wapi, viongozi walihangaika kumtafuta mmoja wa kumwonyesha. Akapatikana Titi Mohamed, mwanamke wa mjini Dar es Salaam mwenye asili ya Rufiji, elimu ya msingi tu, na sauti iliyojulikana kwenye kikundi cha ngoma ya lelemama. Katika miezi michache alikuwa ameandikisha wanachama wanawake 5,000, na Oscar Kambona wa TANU alilitaja hilo kwa fahari katika barua yake kwa Waingereza waliokuwa wakikiunga mkono chama. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa kizazi hicho, alionyesha kitu ambacho vitabu vya awali vilikuwa vimekiruka: vikundi vya ngoma vilikwisha kuwaunganisha wanawake wa makabila mbalimbali kwa lugha moja ya Kiswahili kabla wasomi hawajaanza kuzungumzia taifa. Wauza maandazi na vitumbua, wapika pombe, wenye vyumba vya kupangisha, walikuwa na fedha kidogo zao wenyewe na mtandao wa kupashana habari. Walificha kadi za chama, walichangia nauli, walijaza viwanja vya mikutano watumishi wa serikali wa kiume walipoogopa kufukuzwa kazi. Siku ya kura ya 1958 wengi wao hawakuwa na darasa la nane wala pauni 150. Chama kilijengwa kwa migongo yao, na sanduku la kura likawekwa mahali wasipofika.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Julai 1959 mawaziri watano waliotokana na kura waliingia serikalini: Mtemi Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, George Kahama, Bryceson na Jamal. Uchaguzi wa Agosti 1960 uliongeza wapiga kura hadi karibu laki tisa na kuyafuta mafungu sawa. Kati ya viti 71, viti 50 vilikuwa wazi kwa mtu yeyote, 11 vikatengewa Waasia na 10 Wazungu. TANU ilichukua vyote isipokuwa kimoja. Baraza la Mawaziri la Nyerere lilikuwa na Bryceson, Jamal, na pia Sir Ernest Vasey, ambaye kabla ya hapo alikuwa mshika fedha wa serikali ya kikoloni ya Kenya. Mwanamke hakuwemo hata mmoja.

Mtihani halisi wa suala la rangi ulikuja Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, muswada wa uraia ulipofikishwa bungeni. Muswada ulifungua uraia kwa watu wa rangi zote waliotimiza masharti ya kuzaliwa au ya kujiandikisha. Wabunge kadhaa wa TANU yenyewe wakaupinga. Walisema Mwafrika ndiye aliyenyang'anywa, na kwamba mtu aliyekuja jana kufanya biashara hawezi kusimama sawa na mwenye ardhi yake. Haikuwa hoja ya kupuuzwa. Maduka, mashamba ya mkonge na ofisi nyingi za maana zilikuwa mikononi mwa wasio Waafrika. Nyerere alisimama kwa hasira ambayo haikuzoeleka kwake. Aliwaambia kwamba ubaguzi wa rangi ndio waliokuwa wakipigana nao, akawafananisha wanaoutukuza na akina Hitler, na akaweka wazi kwamba serikali yake itajiuzulu ikishindwa. Muswada ukapita. Mtu anaweza kusema kwamba hapo hakuna aliyeshawishika, walitishwa tu. Ni kweli kwamba tishio la kujiuzulu ni silaha nzito. Ila suala halikufungwa siku ile. Mwaka uliofuata, Kawawa akiwa Waziri Mkuu baada ya Nyerere kujiuzulu Januari 1962 ili kukijenga chama, serikali iliharakisha kuwaweka Waafrika katika kazi za serikali mahali pa Wazungu na Waasia, na wengi waliona ni haki. Novemba 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere akiwa mtu ambaye msimamo wake wa Afrika ya Waafrika tu ulijulikana na kila mtu. Hakufikisha asilimia 2 ya kura.

Januari 1964 Nyerere aliagiza kwamba raia asibaguliwe tena kwa rangi yake katika kuajiriwa na kupandishwa cheo. Mwezi huohuo, tarehe 12, Mapinduzi yalitokea Zanzibar, ambako Waarabu na Waasia wengi waliuawa au kukimbia. Na tarehe 20 askari wa Tanganyika wakaasi, wakidai pamoja na mambo mengine maofisa wa Kizungu waondolewe. Nchi mbili zilizoungana 26 Aprili zilikuwa zimelipitia suala la rangi kwa njia mbili tofauti kabisa, na anayesifu njia ya Tanganyika asijifanye kwamba ndiyo njia ya Tanzania nzima.

Pingamizi kubwa dhidi ya simulizi hili ni kwamba ushindi wa 1958 na 1960 haukuthibitisha chochote kuhusu mioyo ya wapiga kura. TANU ilisema mchagueni huyu, wakamchagua. Ingekuwa imewasimamishia mti, nao ungepita. Pingamizi hilo lina nguvu, na lingebaki bila jibu kama si uchaguzi wa 1965. Huo ulikuwa wa chama kimoja, lakini karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na viti vya rangi vilikuwa vimefutwa. Chama hakikuruhusiwa kumpigia debe mmoja dhidi ya mwingine, na wagombea walikatazwa kutumia ukabila, dini au rangi. Mpiga kura alibaki peke yake na karatasi yake. Bryceson alisimama Dar es Salaam na Jamal akasimama Morogoro, kila mmoja akishindana na Mwafrika. Wote wawili walishinda vizuri. Katika uchaguzi huohuo alianguka Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwasisi wa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, na nafasi yake ya uwaziri akapewa Jamal, ambaye angeishika wizara hiyo kwa vipindi virefu hadi miaka ya 1980. Hapo hakukuwa na kiti cha hisani. Waliomweka Jamal walikuwa wakulima na wafanyakazi wa Morogoro, na wangeweza kumwangusha kama wenzao wa Mwanza walivyomwangusha Bomani.

Uchaguzi huohuo wa haki ulimwangusha pia Bibi Titi Mohamed huko Rufiji. Na hapa ndipo simulizi linapogeuka uchungu. Baada ya Uhuru alikuwa ameongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na kuwa naibu waziri wa maendeleo ya jamii. Lucy Lameck, muuguzi wa Moshi aliyesoma Chuo cha Ruskin huko Oxford, naye alifika unaibu waziri. Hapo ndipo palipokuwa paa. Waziri kamili mwanamke hakuonekana hadi 1975, Tabitha Siwale na Julie Manning walipoteuliwa kwa pamoja, Manning akipewa Wizara ya Sheria. Kutoka Julai 1959, Bryceson na Jamal walipoingia uwaziri, hadi siku hiyo ilipita miaka 16. Kwa muda huo Mzungu mkulima na Mhindi mfanyabiashara waliaminiwa na dola kuliko mwanamke yeyote wa Kiafrika aliyewapokea kwenye mikutano ya kampeni. Bibi Titi mwenyewe alitoka katika uongozi wa juu wa chama mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipokataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, ambazo kwa mwanamke wa mjini wa kizazi chake ndizo zilizokuwa pensheni na uhuru wake. Alikamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini, akaachiwa 1972.

Kwa nini uwanja uliowatosha Jamal na Bryceson haukumtosha yeye? Jibu jepesi ni mfumo dume, na ni la kweli. Jibu kamili zaidi linahusu mtaji. Bryceson na Jamal walifika kwenye ushindani wakiwa na shule, Kiingereza cha ofisini, fedha na jina. Walichopungukiwa ni uhalali machoni pa wengi, na kura ikawapa. Titi alikuwa na uhalali tele, pengine kuliko mtu yeyote baada ya Nyerere; alichopungukiwa kilikuwa vitu vyote vile vingine, na kura peke yake haivitoi. Ndiyo maana siwaafiki wanaosema kwamba, kwa kuwa tulivifuta viti vya rangi, tungevikataa pia viti vya wanawake. Viti vya rangi viliwakinga wenye nguvu. Viti vya wanawake vilikusudiwa kuwainua walionyimwa nguvu. Kuvilinganisha kwa sababu tu vyote vimetengwa ni kutazama mlango bila kuuliza unaingiza nani.

Kosa la viti vya wanawake liko kwingine. Marekebisho ya katiba ya miaka ya 1980 yaliweka viti 15 vya wanawake bungeni. Mfumo wa vyama vingi ulipokuja vikawa asilimia 15 ya wabunge, kisha 20 mwaka 2000, kisha wanawake wakatakiwa wawe si chini ya asilimia 30 kuanzia 2005. Kila chama kinachofikisha asilimia 5 ya kura hupewa viti kwa uwiano wa kura zake na kupeleka orodha yake ya majina. Katika mabunge ya 2015 na 2020 viti hivyo vilikuwa 113, na kwa hesabu ya sura Tanzania inasifika: zaidi ya theluthi ya wabunge ni wanawake. Ukivua viti maalum picha inabadilika. Katika chaguzi za 2015 na 2020, wanawake walioshinda majimboni hawakufika 30 kati ya majimbo 264. Waliobaki waliingia kwa orodha, na orodha iko mezani kwa viongozi wa chama na katika kura za ndani za jumuiya za wanawake, ambako raia wa kawaida hana sauti. Mbunge wa aina hiyo hana jimbo la kurudi kulitetea, na akikorofishana na viongozi wake hana watu wa kuwaambia wamrudishe. Novemba 2020 wanawake 19 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum kwa tiketi ya CHADEMA; chama kikasema hakikuwapeleka, kikawafukuza uanachama; wao wakaendelea kukaa bungeni. Nani alikuwa sahihi kisheria ni mjadala wa mahakama. Kinachonihusu ni kwamba katika ugomvi ule wote, uliohusu viti 19 vya Bunge la nchi, hakuna hata mtu mmoja aliyewaza kuuliza wapiga kura wanasemaje. Hawakuwa na la kusema. Hawakuwa wametoa viti hivyo.

Watetezi wa mfumo huu wana jibu, na majina ya kulitilia nguvu. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa kiti maalum. Anne Makinda aliingia Bungeni 1975 kama mwakilishi wa vijana, na mwaka 2010 akawa Spika wa kwanza mwanamke. Tulia Ackson aliingia 2015 kwa kuteuliwa na Rais, akawa Spika 2022 na Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani 2023. Bila mlango wa pembeni, wanasema, hawa wote wasingejulikana. Nakubali. Lakini fuata safari ya kila mmoja: Makinda alikwenda kuomba kura Njombe Kusini, Tulia alikwenda Mbeya Mjini, na Samia aliacha usalama wa viti maalum akagombea ubunge wa Makunduchi mwaka 2010. Mlango wa pembeni uliwafaa kwa sababu walipita na kwenda mbele. Kwa wengi umekuwa chumba. Tena urais wenyewe haukuja kwa mkono wa wapiga kura moja kwa moja: Samia alikuwa Makamu wa Rais, John Magufuli akafariki tarehe 17 Machi 2021, na katiba ikamwapisha siku mbili baadaye. Aliposimama mwenyewe Oktoba 2025, alitangazwa mshindi katika uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwemo kwenye karatasi ya kura. Mwanamke kuwa Amiri Jeshi Mkuu ni jambo kubwa, na mtoto wa kike wa Makunduchi au wa Kasulu aliyeliona halisahau. Ila swali la nani ametoa kiti halifutiki kwa sababu aliyekikalia ni mwanamke wa kwanza.

Majirani wamelijaribu swali hili kwa njia zao. Rwanda, kwa katiba ya 2003, ina viti 24 vya wanawake vinavyojazwa na wajumbe maalum wa ngazi za chini, na tangu 2008 wanawake ni zaidi ya nusu ya wabunge, katika siasa ambazo serikali inazishika kwa mkono mmoja. Uganda ilianza na wajumbe wachache wa mabaraza kumchagua mbunge mwanamke wa wilaya, na tangu 2006 watu wote wa wilaya wanampigia kura. Kenya imeshindwa kutimiza kanuni yake kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, kiasi kwamba Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge; lakini wawakilishi wake 47 wa wanawake wa kaunti wanachaguliwa na kila mpiga kura wa kaunti, wa kiume na wa kike. Mwanamke huyo wa kaunti analazimika kufanya alichofanya Sophia Mustafa mwaka 1958: kuwaomba kura watu wasiofanana naye, na kuwajibika kwao baadaye.

Tanzania iliwahi kuandikiwa dawa ya kwake. Rasimu ya katiba ambayo Tume ya Jaji Joseph Warioba iliikabidhi Desemba 2013 ilipendekeza viti maalum vifutwe na kila jimbo lichague wabunge wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wote kwa kura za watu wote wa jimbo. Ilikuwa kura tatu ya 1958 iliyorudi ikiwa kura mbili, safari hii bila sharti la pauni wala darasa. Bunge Maalum la Katiba la 2014, ambalo Makamu Mwenyekiti wake alikuwa Samia Suluhu Hassan, liliibadilisha sana rasimu hiyo, na Oktoba mwaka huo likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni juu yake ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015. Iliahirishwa, na mpaka sasa haijapigwa.